Jibu la Swali la Mbunge Huanzia Mezani Petu

Wanachama wenzangu,

Naomba nafasi katika gazeti letu hili nipate kusema neno juu ya maswali ambayo Wabunge huiuliza Serikali kuhusu matumizi ya fedha, hasa fedha za hospitali, zahanati, maji na mambo mengine ya ustawi wa watu. Najua wengi wetu hudhani kuwa maswali hayo ni shauri la wakubwa walioko Dodoma, na kwamba karani wa Lushoto, Soni, Mlalo au Bumbuli hana sehemu ndani yake, ila kusikiliza redioni kama watu wengine. Mimi naona sivyo. Jibu analolisoma Waziri mara nyingi huandikwa kwanza na karani, na likiwa na kasoro, sehemu ya kasoro ile ni yetu.

Yafaa kwanza tuitazame njia ya swali lenyewe. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 63, imelipa Bunge uwezo wa kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Mbunge hulipeleka swali lake kwa maandishi. Kama lahusu zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya, huangukia TAMISEMI. Kama lahusu hospitali ya rufani ya mkoa, kama ile ya Bombo huko Tanga, ni la Wizara ya Afya. Basi Waziri, hata awe hodari namna gani, hawezi kujua kwa macho yake hali ya paa la zahanati iliyo nyuma ya msitu wa Magamba. Hapana budi aulize. Swali hutoka Dodoma, likafika mkoani Tanga, likateremshwa halmashauri, na mwisho lapanda kona zote za Mombo hadi kufika juu mezani petu. Siku hizi barua hupita katika kompyuta, upesi kuliko basi, na kwa hiyo jibu nalo latakiwa upesi, pengine kesho yake asubuhi.

Karani hufungua jalada, huandika mistari sita au saba, naye mkubwa wake huilainisha. Mistari hiyo hurudi kwa njia ile ile iliyojia, na kila mkono inamopita huipiga pasi kidogo, hata Waziri anaposimama na kusema, "Mheshimiwa Spika," hakuna mkunjo uliobaki. Mbunge aliyeuliza hupewa maswali mawili ya nyongeza, kisha huitwa swali jingine. Kazi ya miezi imekwisha kwa dakika chache.

Haki hii ya kuuliza tusiidharau, maana haikuja bure. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilikutana mara ya kwanza mwezi wa Desemba 1926, chini ya Gavana Sir Donald Cameron, wala hamkuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake. Kodi ililipwa na watu wa milima hii kama walivyolipa wa nchi kavu na wa pwani, lakini mlipaji hakuwa na mtu wa kabila lake wa kusimama barazani na kuuliza fedha zile zimejenga nini. Ilikuwa mpaka mwaka 1945 ndipo walipoingia Waafrika wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga na Chifu Abdiel Shangali wa Uchagani. Hesabuni wenyewe: miaka 19 ya kulipa pasipo kuuliza.

Nasi makarani tunayo historia yetu katika jambo hili. Chama cha watumishi Waafrika wa Serikali kiliundwa hapa hapa mkoani petu, mjini Tanga, mwaka 1922, nao waliokiunda walikuwa watu wa kalamu kama sisi, wakiongozwa na Martin Kayamba. Mwaka 1931 Kayamba alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyokuwa ikichunguza shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Wakubwa wa dunia walikaa wakamsikiliza karani kutoka Tanga, kwa kuwa alijua hali ya mambo ya kwao. Thamani ya karani ndiyo hiyo, kwamba ajua, na alijualo aweza kulisema kwa utaratibu.

Basi twafanyaje sisi na ujuzi wetu? Nitatoa ushuhuda wangu mwenyewe, maana si haki kumnyoshea mwenzangu kidole hali nimelifunika kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa karani katika ofisi ambayo hapana haja ya kuitaja. Asubuhi moja likaja swali la Mbunge: zahanati ya kijiji fulani cha milimani itaanza lini kuwahudumia watu? Jibu lilitakiwa kabla ya saa tisa. Nikalitoa jalada. Ndani yake palikuwa na taarifa ya mwaka uliotangulia, iliyosema kuwa jengo limefikia asilimia 90. Nikaandika hivi: "Ujenzi wa zahanati hiyo umefikia asilimia 90, na inatarajiwa kuanza kutoa huduma kabla ya mwisho wa mwaka huu wa fedha, kadiri fedha zitakavyopatikana." Mkubwa wangu akausoma mstari ule, akasema, "Hapo umeandika vizuri." Nami nikafurahi.

Miezi michache baadaye nilikwenda katika kijiji kile kile kwenye msiba wa ukoo wa mke wangu. Ilikuwa wakati wa masika, na gari halikuweza kupita. Tulipanda kwa miguu karibu saa mbili. Marehemu alikuwa mama kijana aliyeshikwa na uchungu wa uzazi usiku. Watu walimbeba kwa machela kuteremka mpaka barabarani, na gari lilipopatikana alikuwa amekwisha kukata roho. Baada ya maziko mzee mmoja akanijia, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba nafanya kazi ofisini. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, tulisikia redioni kuwa zahanati yetu imekaribia kwisha. Ni ipi hiyo? Au kuna kijiji kingine chenye jina kama letu?"

Nikaenda kuitazama. Kuta zilikuwapo na mabati yalikuwapo. Ndiyo ile asilimia 90. Milango haikuwapo, wala choo, wala maji, wala nyumba ya muuguzi. Mbuzi wa jirani walikuwa wamejikinga mvua katika chumba kilichokusudiwa kuwa cha wazazi.

Sisemi kuwa mstari wangu ndio uliomwua mama yule. Nasema kwamba Mbunge alipousikia aliketi, na wakubwa walipousikia waliona kazi imekaribia kwisha, na tangu siku ile hapakuwa na mtu aliyeuliza tena habari ya ile asilimia 10 iliyobaki. Asilimia 10 hiyo ndiyo iliyokuwa na mlango, maji na muuguzi. Nami nisingepungukiwa na kitu kama ningeandika hivi: "Kuta na paa vimekwisha. Choo, maji, milango na nyumba ya mtumishi havijaanza. Hakuna fedha iliyopokelewa mwaka huu kwa kazi hiyo."

Sasa nataka tulichunguze neno moja ambalo twalipenda sana katika majibu yetu, nalo ni neno "imetenga". Husemwa, "Serikali imetenga shilingi kadha wa kadha." Neno hili si la uongo, lakini laweza kumpoteza msikilizaji. Kila mmoja wetu aliyeshika vitabu vya hesabu ajua kwamba kila fungu la fedha lina tarakimu nne, wala hazilingani. Ya kwanza ni fedha iliyoombwa. Ya pili ni iliyoidhinishwa. Ya tatu ni iliyopokelewa. Ya nne ni iliyotumika.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wananchi wamejenga boma la zahanati kwa nguvu zao, wakabeba mawe na mchanga vichwani, na halmashauri ikaomba shilingi milioni 80 za kulimaliza. Bunge likaidhinisha milioni 50. Mwezi wa Mei zikafika milioni 20. Fundi akapatikana mwezi wa Juni, na mwaka wa fedha ulipofungwa tarehe 30 Juni zilikuwa zimetumika milioni 12. Mtu akiuliza, karani aweza kujibu, "Serikali imetenga milioni 50," naye hakusema uongo. Lakini mwanakijiji aliyeshiriki kubeba mawe atatafuta milioni 50 katika jengo lile asizione, kisha atasema zimeliwa. Pengine hakuna aliyezila, hazikufika tu. Hivyo jibu letu lafanya ubaya mara mbili: lamsitiri anayestahili kuulizwa kwa nini fedha hazikuja, na lamtia katika shaka mtumishi asiye na hatia aliye kijijini. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba hata daftari likiwapo, mwenye kulisoma akichagua tarakimu moja katika nne, habari hupotea vile vile.

Jambo hili ni zito zaidi katika mambo ya afya, kwa sababu huko ahadi zimekuwa nyingi. Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kwamba kila nchi itatoa angalau asilimia 15 ya bajeti yake kwa afya. Bajeti zetu kwa miaka mingi zimekuwa chini ya kiwango hicho. Mwaka 2007 ulianza mpango wa miaka kumi wa maendeleo ya afya ya msingi, MMAM, uliokusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Muda wake ukapita, na vijiji vingi vikabaki na maboma. Watu walianza kuchangia gharama za matibabu mwaka 1993, nayo sera imewasamehe wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, na wazee wa zaidi ya miaka 60 wasio na uwezo. Ni sera njema. Walakini bibi kizee akifika zahanati akaambiwa, "Matibabu yako ni bure, ila dawa hakuna, kanunue dukani," ule msamaha umemsaidia nini? Na mwezi wa Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hiyo nayo ni njema, lakini kadi ya bima haitibu ugonjwa; hutibu muuguzi aliyepo na dawa iliyopo.

Tena mwaka 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake, nchi nyingi za Afrika ziliona ghafla jinsi dawa na mishahara ya huduma fulani ilivyokuwa ikitegemea mfuko wa mtu mwingine. Funzo lake kwetu makarani ni hili: Mbunge akiuliza juu ya matumizi, na tuandike pia fedha ile yatoka wapi. Mwenye nyumba asiyejua ni nguzo gani iliyoazimwa, siku mwenye nguzo akija kuichukua, nyumba humwangukia.

Sitaki kuwatwika makarani lawama zote, maana Wabunge nao wana sehemu yao. Maswali mengi huanza hivi: "Je, Serikali haioni haja ya kujenga kituo cha afya?" Swali la namna hii laomba sifa, nalo hupewa sifa. Waziri husimama akasema kuwa Serikali yaiona haja hiyo na yatambua umuhimu wake. Baada ya hapo nini? Mbunge atakaye jibu lenye kushikika na aulize swali lenye kushikika: ni kiasi gani kiliidhinishwa kwa zahanati fulani katika mwaka fulani, ni kiasi gani kilipokelewa na tarehe gani, kimefanya kazi gani, na ni wauguzi wangapi wanaolala kijijini hapo? Swali kama hili haliwezi kupigwa pasi. Kila mwaka pia, mwezi wa Aprili, Bunge huletewa taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mbunge akiisoma kwa makini kabla ya kuuliza, atakuwa na taa mkononi, wala hatatembea gizani.

Najua wako wanachama watakaonipinga. Mmoja atasema, "Karani kazi yake ni kuandika aambiwalo, akiandika ya kumwaibisha mkubwa wake atahamishwa." Namjibu kwamba hofu yake ni ya kweli, nami siicheki, maana nina watoto wa kulisha. Lakini mkubwa mwenye busara hudhurika zaidi kwa tarakimu iliyomdanganya kuliko kwa tarakimu iliyomwaibisha. Siku wakaguzi wakija, au kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa ikiita, anayeulizwa kwanza ni yule aliyetia sahihi. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Mwingine atasema, "Wabunge huuliza kwa ajili ya kura tu." Pengine ni kweli kwa baadhi yao. Hata hivyo mama aliye katika machela haulizi nia ya aliyemwulizia, aulizia zahanati. Swali likiulizwa kwa nia hafifu laweza kupata jibu la haki, na haki ile ikamfaa mtu.

Wa tatu ataniuliza kama nataka makarani wapeleke siri za ofisi kwa watu wa magazeti. Hasha. Tumekula kiapo cha kutunza siri, na mtumishi asiyetunza siri si mtumishi. Nisemalo ni la ndani ya jalada: kweli iandikwe ndani ya jalada, iende juu kwa njia yake ya halali. Kama iko mikono huko juu itakayoibadili, na waibadili wao kwa kalamu zao.

Basi naleta mashauri manne, wanachama wayapime katika mikutano yetu.

La kwanza, asiandike mtu habari ya jengo au mfereji ambao hakuna aliyeuona katika miezi mitatu iliyopita. Kama hapana nafasi ya kwenda, na apigiwe simu mtendaji wa kijiji na muuguzi, kisha iandikwe ni nani aliyesema na siku gani.

La pili, kila jibu la fedha liwe na tarakimu zote nne, na tarehe ya kila moja.

La tatu, kila ofisi iwe na daftari la ahadi. Jibu likisema, "mwisho wa mwaka wa fedha," liandikwe humo, na mwezi wa Julai karani alifungue daftari aikumbushe ofisi kabla Mbunge hajaikumbusha.

La nne, jibu lililotolewa Bungeni libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji kilichoulizwa habari zake, karibu na hesabu za mapato na matumizi, lisomwe katika mkutano mkuu wa kijiji. Wale watu watakuwa wakaguzi bora kuliko wote, kwa sababu wao hawahitaji gari la kuwafikisha.

Namaliza kwa neno la wazee wa nchi hii. Washambaa walikuwa na maneno mawili ya kuupimia utawala: kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi ipone, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme wa Kikilindi aliyeketi Vuga alipokea mali za watu, na watu walitazamia mvua na shibe. Njaa ilipoingia hawakutosheka kuambiwa kwamba mvua iko mbioni. Walitaka kujua ni nani anayeibana nchi. Wazee wale hawakujua kusoma hesabu zilizoandikwa, lakini walijua kuwa anayepokea hana budi kuulizwa.

Leo anayeulizwa ni Waziri, na anayeuliza ni Mbunge, nasi tumekaa katikati na kalamu. Mzee yule wa kijijini sikumjibu neno siku ile. Nilitazama chini tu. Nimeandika makala hii ili mwenzangu atakayepokea swali kesho, na kutakiwa jibu kabla ya saa tisa, amkumbuke kabla hajaandika.

Mimi wenu katika kazi,
Karani wa Milimani,
Lushoto.